Maradhi ya Kukumbuka Kwao: Askari Kambini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861–1865

Mnamo mwaka 1870 serikali ya Marekani ilianza kuchapisha majuzuu makubwa yaelezayo habari za uganga na upasuaji katika jeshi la Kaskazini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Humo mna orodha ndefu za magonjwa yaliyowapata askari, yakihesabiwa mwezi kwa mwezi na mwaka kwa mwaka: kuhara, homa ya matumbo, malaria, surua, kiseyeye. Katikati ya orodha hizo msomaji hukutana na jina asilolitarajia, nalo ni nostaljia. Askari weupe 5,213 waliandikwa kuwa waliugua ugonjwa huo, na 58 kati yao walikufa. Askari weusi waliandikwa 324, wakafa 16.

Watu 74, basi, kwa mujibu wa karani wa serikali, walikufa kwa kukumbuka kwao. Ukilinganisha na hesabu yote ya vita hivyo, idadi hii ni tone katika bahari. Kwa muda mrefu wanahistoria walitaja vifo 620,000 kwa pande zote mbili, na mwaka 2011 mwanahistoria J. David Hacker alionyesha kwamba huenda vilifika 750,000. Katika jeshi la Kaskazini peke yake walikufa askari wapatao 360,000, na takriban theluthi mbili kati yao waliuawa na maradhi, si na risasi. Vita hivyo, kwa askari wa kawaida, vilikuwa kwanza maisha ya kambini. Siku za mapigano zilikuwa chache. Siku za kungoja zilikuwa nyingi mno.

Makala haya yanakusudia kumtazama askari huyo katika siku zake za kungoja. Tutajaribu kuonyesha kwamba yale yaliyoitwa maradhi hayakuwa ya kukosa mahali bali ya kukosa watu, na kwamba jambo hilo, ambalo wakubwa wa jeshi walilidharau kama udhaifu wa vijana, hatimaye liligusa hata sheria za nchi. Lakini kabla ya kuingia kambini, yafaa tulichungulie neno lenyewe.

Neno na maana yake

Neno nostaljia liliundwa na Johannes Hofer, mwanafunzi wa uganga wa mji wa Basel, mwaka 1688. Aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja likimaanisha kurudi kwao na la pili likimaanisha maumivu. Baadaye waganga wa Ulaya walilihusisha hasa na askari wa Uswisi waliopigania wafalme wa kigeni kwa mshahara. Kwa hiyo neno lilipofika katika vitabu vya jeshi la Marekani lilikwisha kuwa na umri wa karne moja na zaidi, na lilikuwa neno la hospitali. Matumizi ya leo, ya mtu mzima anayetamani nyakati za ujana wake huku akitabasamu, ni ya baadaye.

Kiswahili hakina jina moja la ugonjwa huo. Twasema hamu ya nyumbani, twasema ukiwa, twasema fulani anakumbuka kwao. Lakini tazama hilo neno la mwisho. Mswahili akiulizwa anatoka wapi hajibu kwa kutaja nyumba. Husema kwetu ni mahali fulani. Wala hasemi kwangu, ingawa ndiye peke yake anayesema. Mtu mmoja, kwao. Hata katika Kiswahili kisemwacho mitaani Lubumbashi, ambacho kimeacha mengi ya sarufi ya pwani, neno kwetu limebaki imara, na mtoto aliyezaliwa mjini aweza kusema kwetu ni Kasongo ilhali hajawahi kukanyaga Kasongo. Lugha yetu imeweka wazi jambo ambalo Kiyunani cha Hofer hakikulitamka: kwao ni watu kabla ya kuwa mahali. Tulishike hilo, maana litatufaa mbele.

Mji wa magogo

Wengi wa askari waliojiandikisha mwaka 1861 walikuwa vijana wa mashamba. Walitoka Vermont, Ohio, Wisconsin, na kwa upande wa Kusini walitoka Georgia, Alabama au Carolina ya Kaskazini. Wengi hawakuwa wamelala usiku mmoja mbali na wazazi. Walidhani watarudi baada ya miezi michache. Surua iliwapokea mlangoni, kwa kuwa mtoto aliyekulia shambani, mbali na umati, hakuwa ameugua bado. Vikosi vipya vilipungua kabla ya kumwona adui.

Majira ya joto walilala katika mahema. Hema la Sibley, lenye umbo la pia iliyogeuzwa, lilibuniwa kwa kuiga makao ya Wahindi wa nyika za Marekani, na ndani yake walibanana watu 12 au zaidi, miguu yote ikielekea katikati. Baadaye kila askari alipewa kipande cha turubai, akakiunganisha na cha mwenzake kwa vifungo ili kupata hema dogo la watu wawili. Majira ya baridi yalipoingia na barabara kugeuka matope, majeshi yalisimama kwa miezi kadhaa, na hapo ndipo askari walipojenga. Walikata miti, wakapanga magogo, wakaziba nyufa kwa udongo, wakaezeka kwa turubai zao, wakatengeneza dohani ya vijiti na udongo na juu yake wakaweka pipa lisilo na kitako. Katika muda wa juma moja au mawili msitu mzima ulitoweka, na mahali pake pakasimama mji wenye mitaa iliyonyoka. Kwa mzaha waliandika juu ya milango yao majina ya hoteli kubwa za miji ya kwao. Mzaha huo si wa bure. Mtu aliyetiwa shimoni huanza kwa kulipa shimo jina.

Siku iligawanywa kwa tarumbeta: kuamka, kuitwa majina, kula, kwata, kula, kwata tena, gwaride la jioni, kuitwa majina, kuzima taa. John D. Billings, aliyetumikia katika kikosi cha mizinga cha Massachusetts na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1887, alikiita kitabu chake kwa majina ya vyakula viwili, biskuti ngumu na kahawa, na hakukosea, maana ndivyo vilivyotawala maisha hayo. Biskuti hizo zilikuwa unga na maji tu, zilizookwa hadi zikawa kama vigae. Askari alipewa 9 au 10 kwa siku. Zikikaa muda mrefu ghalani ziliingia wadudu, nao askari wakaziita ngome za funza. Walizivunja kwa kitako cha bunduki, wakazitumbukiza katika kahawa, wadudu wakaelea juu, wakawaengua, wakanywa. Au walizilowesha katika maji baridi na kuzikaanga kwa mafuta ya nguruwe. Kahawa waliipata kwa wingi, na punje waliziponda wenyewe ndooni kwa kitako cha singe. Askari wa Kusini, ambao bandari zao zilizibwa na manowari za Kaskazini, waliikosa kahawa kabisa, wakachemsha mahindi yaliyokaangwa au viazi vitamu vilivyokauka. Pale mito ilipotenganisha kambi mbili, walinzi wa pande zote walibadilishana kwa siri: kahawa ya Kaskazini kwa tumbaku ya Kusini.

Ni katika kambi kama hizo, usiku wa tarehe 30 Desemba 1862, karibu na Murfreesboro katika Tennessee, bendi za majeshi mawili yaliyokabiliana zilianza kushindana. Upande mmoja ulipiga nyimbo za kizalendo, upande wa pili ukajibu kwa zake. Kisha bendi moja ikaanza ule wimbo wa nyumbani uliotungwa mwaka 1823, ambao kila mtu wa pande zote mbili aliujua tangu utotoni, na bendi nyingine zikaupokea, hadi majeshi yote mawili yakauimba pamoja gizani. Asubuhi walianza kuuana. Mapigano ya Stones River yaliyofuata yaliangusha, kwa kuuawa, kujeruhiwa na kutekwa, zaidi ya watu 23,000.

Barua

Jeshi hili lilikuwa na jambo ambalo majeshi ya zamani hayakuwa nalo: askari wake walijua kusoma. Inakadiriwa kwamba askari weupe wa Kaskazini tisa kati ya kumi, na wa Kusini wanane kati ya kumi, walijua kusoma na kuandika. Yule asiyejua alimwomba mwenzake amwandikie, na kwa hiyo siri za ndoa yake zikapita katika kalamu ya jirani wa kitanda. Tangu 1861 askari wa Kaskazini aliruhusiwa kutuma barua bila stempu. Mpokeaji ndiye aliyelipa senti 3. Mwezi Julai 1863 posta ilianza kupeleka barua hadi milangoni katika miji mikubwa bila malipo ya ziada, na Novemba 1864 ikaanzisha hawala, ili mshahara wa askari ufike kwa mkewe pasipo noti kuibwa njiani. Kwa upande wa Kusini karatasi iliadimika hata watu wakageuza bahasha nje ndani ili kuitumia mara ya pili, wengine wakakata karatasi za kupambia kuta za nyumba na kuzifanya bahasha.

Ni nini kilichoandikwa? Msomaji anayetarajia fikira za vita atashangaa. Kwa sehemu kubwa askari waliuliza: ng'ombe yule amezaa? Bei ya ngano ni ngapi? Mtoto ameanza kutembea? Nani amefiwa? Waliagiza soksi, siagi, jamu, picha. Walilalamika kwamba barua za nyumbani hazitoshi. Mwanamume aliyekuwa hana hata jembe kambini aliendelea kulisimamia shamba lake kwa kalamu, akimweleza mkewe auze kipi na apande kipi. Kwa kufanya hivyo alibaki bwana wa nyumba, angalau juu ya karatasi. Wanawake nao walianza kujibu, kwa heshima, kwamba jambo hilo wamekwisha kulitenda kwa namna yao.

Barua iliponya, tena ilijeruhi. Hili lilidhihirika hasa Kusini. Kadiri vita vilivyoendelea, fedha ya Kusini ilipoteza thamani, maafisa walichukua nafaka na mifugo ya wakulima kwa ajili ya jeshi, na tarehe 2 Aprili 1863 wanawake wa Richmond, mji mkuu wenyewe, waliingia barabarani wakidai mkate. Mke wa mkulima asiye na mtumwa hata mmoja aliandika kwamba watoto wana njaa. Mume aliyepata barua ya namna hiyo alijikuta kati ya viapo viwili. Wengi walichagua kiapo cha ndoa. Maafisa waliwaita watoro; wao wenyewe, mara nyingi, walidhani wanakwenda kuvuna na kurudi. Kwa maoni yetu, historia ya kushindwa kwa Kusini yaweza kuandikwa kwa barua za wanawake kwa uhakika uleule inavyoandikwa kwa amri za majenerali.

Waganga na dawa zao

Turudi kwa maradhi. Waganga wa Kaskazini waliyaeleza hivi: kijana huanza kunyamaza, hukaa peke yake, hukosa hamu ya chakula, hutaja kwao kila mara na kisha huacha kutaja. Mwili hudhoofika. Ndipo kuhara au homa, ambayo mwenzake ameishinda, humwondoa. Kutokana na maelezo hayo twafahamu kwa nini idadi iliyoandikwa ni ndogo: karani aliandika ugonjwa mmoja tu, na mara nyingi aliandika ule wa mwisho.

Mwaka 1863 daktari DeWitt C. Peters alichapisha makala akilaumu kuandikishwa kwa vijana wadogo, kwa kuwa ndio waliopatwa zaidi. William Hammond, mganga mkuu wa jeshi, alitaka umri wa kuandikishwa upandishwe hadi miaka 20. Mwaka 1864 daktari J. Theodore Calhoun alisoma mbele ya wenzake hotuba kuhusu ugonjwa huo. Alidai kwamba vijana wa mashamba huugua kuliko wa mijini, maana kijana wa mjini amezoea kula popote na kulala popote. Kuhusu tiba, alisema dhihaka za wenzake zaweza kumfaa mgonjwa, na kwamba dawa iliyo bora ni mapigano: kikosi kikishapigana pamoja, watu wake husahau.

Tusimcheke Calhoun. Aliona jambo la kweli, ingawa aliliona kwa jicho moja. Kikosi cha wakati ule kiliandikishwa katika wilaya moja. Ndugu, jirani na wanafunzi wa shule moja walisimama katika mstari mmoja. Baada ya mapigano walibaki wachache na walipendana zaidi. Kwa maneno ya lugha yetu, kikosi kilianza kuwa kwao. Lakini dhihaka haikumponya mtu, ilimfundisha kuficha.

Dawa nyingine ilijaribiwa pale ambapo hali ilikuwa imeharibika kabisa. Tarehe 13 Desemba 1862 jeshi la Potomac lilipoteza watu zaidi ya 12,000 huko Fredericksburg, Virginia, likishambulia ukuta wa mawe bila kufanikiwa. Mwezi Januari Jenerali Ambrose Burnside aliliongoza tena kutoka kambi ya Falmouth, mvua ikanyesha, mizinga na nyumbu wakazama matopeni, jeshi likarudi bila kupiga risasi. Mishahara ilikuwa imechelewa kwa miezi. Kiseyeye kilionekana, na wakati huohuo mboga zilikuwa zikioza ghalani. Familia zilituma vifurushi, na ndani ya vifurushi, chini ya keki, mlifichwa mavazi ya kiraia. Jenerali Joseph Hooker alipopokea uongozi tarehe 26 Januari 1863, daftari zilionyesha watu wapatao 85,000 hawapo vikosini, wengine wakiwa wagonjwa au wenye ruhusa, wengine watoro.

Hooker alijulikana kwa majivuno, na historia haikumsamehe kushindwa kwake huko Chancellorsville mwezi Mei mwaka huo. Lakini katika kambi ya Falmouth alifanya jambo la akili. Aliagiza vifurushi vikaguliwe, ndiyo. Lakini pia aliagiza tanuri zijengwe ili askari wapate mkate laini mara 4 kwa juma, viazi au vitunguu vibichi mara 2. Na zaidi ya yote, alifungua mlango wa ruhusa: katika kila watu 100 waliokuwapo kazini, 2 waliweza kwenda kwao kwa siku 10 hivi, na wengine wangefuata iwapo wale wa kwanza watarudi kwa wakati. Ona busara ya sharti hilo. Aliyechelewa hakumkosea jenerali. Alimkosea mwenzake aliyekuwa akingoja zamu. Rais Abraham Lincoln naye, tarehe 10 Machi, alitangaza msamaha kwa watoro watakaorejea kabla ya tarehe 1 Aprili. Majira ya baridi yalipokwisha, jeshi lilikuwa limesimama tena. Kwa hiyo mtu aliyehakikishiwa kwamba ataiona nyumba yake hakuwa na sababu ya kuitorokea.

Wasio na kwao

Mpaka hapa tumesema juu ya askari mwenye shamba, mwenye mke anayejua kuandika, mwenye mlango wa kurudia. Msomaji wa Kongo huenda amekwisha kujiuliza: kwa nini wake zao hawakuja kambini? Maana katika nchi yetu kambi ya askari bila wanawake haifikiriki. Force Publique, tangu enzi za Leopold wa Pili, iliwachukua askari kwa miaka 7, ikawapeleka mbali na makwao na kuchanganya makabila katika kikosi kimoja, hasa baada ya maasi ya Luluabourg ya 1895. Lakini iliwaruhusu kuishi na wake zao kambini, tena mara nyingi iliwahimiza, ikijua kwamba mwenye mke na watoto karibu hatoroki upesi. Watoto wa kambi walikua wakisema lugha ya kambi. Huo ulikuwa ukatili wenye hesabu: kumnyang'anya mtu kwao na kumpa kwao nyingine.

Jeshi la Kaskazini halikuwa na desturi hiyo. Wake wa maafisa walikuja kuwatembelea waume zao majira ya baridi. Mke wa askari wa kawaida alibaki shambani. Jambo hilo halikuzua taabu mpaka walipoingia askari weusi.

Watu weusi wapatao 179,000 walitumikia katika jeshi la Kaskazini, wengi wao wakiwa watumwa hadi siku ya kujiandikisha. Hadi Juni 1864 mshahara wao ulikuwa dola 10 kwa mwezi, 3 zikikatwa kwa mavazi, wakati mweupe alipata dola 13. Hapa turudie zile hesabu za mwanzo. Katika askari weupe walioandikwa kuugua nostaljia alikufa mmoja kati ya 90. Katika weusi alikufa mmoja kati ya 20. Yawezekana waganga hawakuamini kwamba mtu aliyekuwa mtumwa aweza kukumbuka kwao, wakamwandika tu alipokuwa mahututi. Yawezekana pia kwamba maradhi yake yalikuwa mazito zaidi, kwa kuwa yeye alijua mambo ambayo kijana wa Vermont hakupaswa kuyawaza usiku: kwamba mkewe aweza kupigwa kwa ajili yake, na mtoto wake aweza kuuzwa.

Methali yetu husema, mkana kwao ni mtumwa. Mtu huyu hakukana kwao, alinyimwa. Nyumba aliyoiacha ilikuwa ya bwana, shamba la bwana, na kwa sheria ya jimbo hata watoto walikuwa wa bwana. Akikumbuka kwao alikumbuka nini? Jibu limo katika barua aliyoiandika Spotswood Rice, askari aliyelazwa katika hospitali ya Benton Barracks, St. Louis, mwezi Septemba 1864. Aliwaandikia binti zake waliokuwa bado utumwani katika jimbo la Missouri, akiwaahidi kwamba atakuja kuwachukua hata ikigharimu uhai wake. Siku hiyohiyo alimwandikia na bibi aliyemmiliki mmoja wao, Kitty Diggs, akimweleza kwamba mtoto ni kitu alichopewa na Mungu, na kwamba yeye baba atafika na askari. Humo hamna neno juu ya mti, mto au mlango. Hamu yake ni ya watoto tu.

Jimbo la Kentucky lilikuwa na ugumu wa pekee. Lilikuwa la watumwa, lakini halikujitenga na Muungano. Kwa hiyo tangazo la Lincoln la tarehe 1 Januari 1863, lililohusu majimbo yaliyoasi, halikuwafikia watumwa wake. Mwaka 1864 wanaume walipoanza kuandikishwa, kila aliyekubaliwa jeshini alipata uhuru. Mkewe na watoto walibaki mali ya mtu. Zaidi ya watu 10,000 waliandikishwa katika Camp Nelson peke yake, kusini ya mji wa Lexington. Familia ziliwafuata, kwa kuwa mabwana waliwalipiza kisasi wanawake, wengine wakawafukuza. Wakajenga vibanda kando ya kambi, wakafua nguo, wakapika. Pasipo amri ya mtu, kambi ilianza kufanana na zile za kwetu.

Mkuu wa kambi, Jenerali Speed S. Fry, aliwaona kama kero, akawafukuza mara kadhaa, nao wakarudi. Kuanzia tarehe 22 Novemba 1864, katika baridi kali, askari wenye silaha waliwapakia wanawake na watoto wapatao 400 katika magari ya farasi, wakawatoa nje ya mipaka na kubomoa vibanda nyuma yao. Mia moja na wawili kati yao walikufa.

Miongoni mwa waume zao alikuwamo Joseph Miller. Tarehe 26 Novemba alitoa ushahidi kwa kiapo, na karatasi hiyo ingalipo. Alieleza kwamba alipokuja kujiandikisha alikuja na mkewe na watoto, kwa sababu bwana wake alikataa kuendelea kuwatunza, na kwamba kambini aliahidiwa kuwa wangekaa. Mtoto mmoja wa kiume, wa miaka kama 7, alikuwa mgonjwa akianza kupata nafuu. Asubuhi ile askari mlinzi aliamuru familia ipande garini. Baba alimwambia mlinzi kwamba baridi hii itamwua mtoto; akajibiwa kwamba wasipopanda watapigwa risasi. Usiku, baada ya kazi, Miller alitembea maili 6 hivi hadi Nicholasville, akawakuta katika nyumba ya ibada ya watu weusi, yenye moto mmoja usioweza kuwafikia wote. Mtoto alikwisha kufa. Ilimbidi arudi kambini usiku uleule. Kesho yake alitembea tena, akachimba kaburi kwa mikono yake, akamzika mwanawe, akawaacha waliobaki palepale na kurudi kazini.

Ushahidi huo na mingine ya namna yake, ikisukumwa na mmisionari John G. Fee na Kapteni Theron E. Hall, ilifika magazetini na Washington. Familia ziliruhusiwa kurudi, na serikali ikakubali kuwajengea makao ndani ya mipaka ya kambi. Tarehe 3 Machi 1865 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuwapa uhuru wake na watoto wa askari wote weusi, popote walipo. Katika Kentucky, ambako utumwa uliendelea kuwa halali hadi Desemba 1865, maelfu ya wanawake walipata uhuru kwa njia hiyo moja tu, kwa kuwa waume zao walikuwa kambini.

Joseph Miller hakuiona siku hiyo. Alifariki Camp Nelson mwezi Januari 1865. Jeshi lilipoifunga kambi mwaka uliofuata, baadhi ya familia zilikataa kuondoka. Zilinunua viwanja, zikajenga kijiji, ambacho baadaye kiliitwa Hall, na wazao wa askari wangali wakiishi hapo.